Wanawake Waliomwangusha Bibi Titi

Septemba 1965 watu wa Rufiji walimwangusha Bibi Titi Mohamed kwenye uchaguzi. Miaka kumi kabla ya hapo ndiye aliyekuwa akizunguka Tanganyika kuwatoa wanawake majumbani waingie chama cha TANU. Uhuru ulipopatikana akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, mwaka 1962, na akapewa cheo serikalini. Kisha akarudi kuomba kura Rufiji, na Rufiji ikamkataa. Karibu kila nilichosoma juu yake kinapita hapo kwa sentensi moja. Mimi ni mtoto wa Rufiji, tena wa delta, na sentensi hiyo nimeishi nayo muda mrefu kwa sababu waliopiga kura zile nawajua. Ni bibi zangu, mama zangu wakubwa, majirani walionipakata. Nilitaka kuwauliza waliobaki kabla hawajamalizika.

Sababu ya pili ya safari sikumwambia mtu. Delta ndiko nilikoolewa mwaka 1987, nikiwa na miaka 15, na tangu nilipoondoka kwa yule mume sijawahi kurudi kulala huko. Nimekwenda mazishini nikageuza siku ileile. Mume wangu wa sasa na watoto wetu wanajua kwamba nimezaliwa Rufiji, basi.

Ukishavuka Kongowe na Vikindu jiji linaanza kukuachia. Mkuranga, Kimanzichana na mananasi yake, Jaribu, Bungu, na mikorosho pande zote mbili za lami. Nilipokuwa msichana Barabara ya Kilwa ilikuwa mchanga, masika magari yalilala njiani, na aliyekuwa anakwenda kusini alingoja pantoni Ndundu mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Sasa hata chai niliyonunua Mbagala Rangi Tatu haikuwahi kupoa vizuri, konda akawa anaita Kibiti.

Zamani Kibiti ilikuwa mji mdogo wa njiani katika Wilaya ya Rufiji. Siku hizi ni makao makuu ya wilaya yake yenyewe, na delta yote iko upande wake. Rufiji imebaki na Utete, Ikwiriri, Mohoro na bonde la juu. Kwa hiyo anayewatafuta wapiga kura wa 1965 lazima agonge hodi katika wilaya mbili, na mbele ya watu ambao wana haki ya kumtazama mara mbili mgeni mwenye maswali. Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliviziwa na kuuawa Mkengeni. Kabla yake na baada yake viongozi wa vijiji waliuawa, mmoja mmoja, wengine mbele ya familia zao. Pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku. Wapo waliochukuliwa wasirudi. Novemba ya mwaka uleule Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi habari za mauaji hayo, alitoweka hapahapa Kibiti.

Mama mwenye gesti niliyofikia aliniuliza nimemfuata nani. Nikasema nimekuja kuzungumza na wazee. Akaniuliza tena, kwa upole uleule, nimemfuata nani. Hapo nikamwambia baba yangu ni Mnyagatwa, mama yangu Mndengereko, na nikakitaja kijiji chetu. Alibadilika uso. Akanimwagia Kindengereko, nikawa naambulia nusu na kujibu robo, naye akaniletea maji ya kuoga ya moto bila kuombwa. Jioni alikuja kukaa nami barazani. Nilipomwambia ninachotafuta, alisema bibi yake yuko Ikwiriri, anasuka mikeka, na kwamba nisianze kwa kumuuliza siasa.

Ushauri huo ulikuwa wa thamani kuliko nilivyojua. Bibi wa Ikwiriri nilimkuta uani, miguu ameinyoosha, bakuli la maji ubavuni. Nikampa shikamoo, nikakaa kwenye kigoda, nikamwangalia anavyosuka. Ukindu alikuwa ameutia rangi mbili, zambarau na chungwa, na mwingine ameuacha mweupe. Kila ukindu ulipokaribia kuisha alichomeka mwingine kwa chini, akaulainisha kwa kidole gumba kilicholowa, na ukili ukaendelea kutoka bila kuonyesha pale ulipoungwa. Uliokwisha alikuwa ameukunja mviringo, mkubwa kuliko kichwa cha mtoto. Mkeka mmoja wa kulalia unakula pima nyingi za ukili, halafu ndipo kazi ya kushona inaanza.

"Wewe ulichezwa na nani?" aliniuliza yeye kwanza.

Ni swali ambalo kwetu mwanamke humuuliza mwanamke mwenzake ili ajue amweke wapi. Anataka kujua ulitiwa ndani wapi ulipovunja ungo, kungwi wako alikuwa nani, nani walikuimbia siku ya kutolewa nje. Mjini nilijifunza kulikwepa. Nilimtajia somo yangu, ndiye kungwi wangu. Akaacha kusuka. Akasema anamjua, waliwahi kukutana kwenye ngoma Nyamisati, na bado yu hai. Mimi nilidhani amekufa zamani.

Baada ya hapo sikuhitaji kuuliza mengi. Alikuwa binti mdogo bondeni wakati habari za TANU zinaingia, na mwaka 1965 alikuwa mama wa watoto wawili. Anakumbuka kura ilivyokuwa: wagombea wawili, wote wa chama kimoja, mmoja kapewa alama ya jembe na mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Ndivyo ilivyokuwa nchi nzima mwaka ule, na vigogo wengi walianguka, hata Waziri wa Fedha Paul Bomani.

"Bibi Titi sisi ndio tuliomwangusha," alisema. "Sisi wanawake. Wanaume wasingeweza peke yao."

Nikamuuliza kwa nini.

"Alikuwa wa nchi nzima. Leo yuko huku, kesho yuko kule. Sisi huku nguruwe wanamaliza mahindi, mto unakuja, mto unaondoka. Tukataka mtu tunayemwona." Akaloweka vidole. "Tulipokuja kusikia amefungwa, mama yangu alilia. Kadi yake akaichimbia. Jina halikutajwa tena humu ndani mpaka sisi tumekuwa watu wazima."

Kufungwa kwake kunajulikana zaidi. Mwaka 1967 lilipokuja Azimio la Arusha na masharti ya uongozi, lililokataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, alijiuzulu; nyumba ndizo zilizokuwa akiba yake, mwanamke asiye na elimu ya kumrudisha ofisini. Oktoba 1969 akakamatwa pamoja na Michael Kamaliza na maofisa wa jeshi, wakashtakiwa kwa uhaini katika kesi iliyomtaja pia Oscar Kambona aliyekuwa London. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere akamwachia. Akaishi karibu miaka ishirini bila jina, mpaka miaka ya 1990 nchi ilipoanza kumkumbuka. Akafariki Johannesburg mwezi wa Novemba 2000. Leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam ni Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na wengi wanaokwama kwenye foleni zake wanajua jina hilo kwa sababu ya foleni.

Hayo nilikuwa nayo tangu nyumbani. Usiku ule gesti nilikuwa nafikiria yaliyotangulia, yale ambayo wasimulizi huyamaliza haraka ili wafike 1955. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alisoma miaka michache tu ya shule ya msingi. Alipovunja ungo akatiwa ndani, na akiwa na miaka 14 akaozwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Ndoa ile haikudumu. Alibaki na binti mmoja, akaolewa tena, na jioni akawa akiimba katika kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, yeye ndiye mwimbaji wao mkuu. John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipofika Dar es Salaam mwaka 1955 na kuwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi, aliyetafutwa alikuwa huyu, mke wa dereva wa teksi, mwenye kadi ya TANU tayari.

Alikwenda kwa akina nani? Kwa viongozi wa ngoma na lelemama. Vikundi hivyo vilikuwa na wenyeviti, michango, sare na siri zao. Mwanamke aliyekuwa kungwi alikuwa anajulikana nyumba kwa nyumba, na neno lake lilipita penye kuta ambazo mwanamume asingeweza kuzipita. Inasimuliwa kwamba katika miezi michache aliandikisha wanawake 5,000. Susan Geiger, mwanahistoria Mmarekani aliyekaa na Bibi Titi na wenzake miaka ya 1980 akiwasikiliza, na akatoa kitabu mwaka 1997, anaonyesha kitu ambacho nilikisoma nikakifunga kitabu kwa muda. Waliokibeba chama mitaani hawakuwa wake wa wasomi wala watumishi wa serikali, ambao walikuwa na kazi za kupoteza. Wengi walikuwa wanawake wa Kiislamu wa umri wa kati, wauza maandazi na wapika pombe, na wengi wao walikuwa wameshaolewa na kuachika. Hawakuwa na mtu wa kuwaambia wasitoke.

Nimeficha neno kuachika kwa karibu miaka arobaini. Nilipofika Temeke kwa shangazi nilijitambulisha kama msichana niliyekuja kutafuta kazi za ndani. Nikajifunza cherehani, nikasoma jioni, nikaanza kuandika, na kila fomu iliyoniuliza kuhusu ndoa niliijibu kama vile hakuna kilichotokea kabla. Nimewaandika wanawake wengi walioozwa wadogo. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi aliposhinda Mahakama Kuu, vikatangazwa kuwa vinakwenda kinyume cha Katiba vile vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa 14 kwa idhini ya mahakama, niliandika juu ya hukumu hiyo. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilipoikubali, niliandika tena. Katika makala yote yale aliyezungumza ni mtaalamu. Sheria ile ilipitishwa mwaka uleule Bibi Titi alipohukumiwa. Mwanamke aliyeijua ndoa ya miaka 14 mwilini mwake, aliyeuongoza umoja wa wanawake wa nchi, alikuwa gerezani wakati nchi inaandika umri wa kuolewa kwa wasichana. Jambo hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulipunguza makali.

Asubuhi nilirudi Bungu nikashika njia ya Nyamisati. Pale bandarini hakuna haraka ya mtu. Kuna ya maji. Walio na safari ya Mafia wanangoja chombo chao, na sisi wa delta, wa Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni, Msala, tunangoja maji yajae, maana maji yakipwa mikono mingine ya mto inabaki tope na boti linakaa juu yake nusu siku. Wanawake walikuwa na magunia ya sukari na vitambaa, vijana na madumu ya mafuta na barafu ya kuhifadhia kamba. Nahodha alinihesabia nauli kama mgeni. Mama mmoja aliyekaa kwenye gunia akamwambia, "Huyo wa kwetu, mtazame pua," na nauli ikashuka.

Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo Afrika Mashariki katika eneo moja. Ukiwa ndani yake unaona ukuta tu, mikoko yenye mizizi ya kusimama, michu, mikandaa, kisha mkono wa mto unafunguka mahali ambapo ungeapa pamefungwa. Ndiyo maana mwaka 1914 Wajerumani waliweza kuificha humu manowari yao Königsberg kwa miezi, hadi Waingereza walipoipiga kwa mizinga na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe Julai 11, 1915. Nahodha alinionyesha upande ilikokuwa. Wazungu wanaokuja, alisema, wote wanauliza hiyo. Nilimuuliza kama kuna aliyewahi kuuliza habari za wanawake wa huku. Alifikiri kwa dhati, akasema walikuja watu wa takwimu.

Kwenye mkono wa mwisho kabla ya kijiji chetu mikoko inakwisha na mashamba ya mpunga yanaanza. Niliyaona madungu, vibanda vilivyoinuliwa kwa miti, ambamo watu huishi msimu mzima wakilinda mpunga dhidi ya ndege mchana na nguruwe usiku. Katika kibanda cha namna hiyo nilimzaa mtoto wangu wa kwanza. Nilikuwa na miaka 16. Maji yalikuwa yamepwa, hospitali ilikuwa ng'ambo, na mtoto, wa kike, hakufikisha siku ya pili. Wiki chache baadaye nilikuwa shambani tena nafukuza ndege. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka kwamba maziwa yalikuja hata hivyo, na hakuna aliyenieleza nifanye nini nayo, ila somo yangu aliyekuja usiku na kitambaa akanifunga kifua.

Mama mdogo alinipokea kwa vigelegele vilivyowatoa watoto majumbani. Sikuwa nimemwambia nakuja kulala. Alipoona mkoba akanyamaza kidogo, kisha akamtuma mtu akachinje kuku. Masika ya 2024 mto ulifurika, mpunga wa watu wengi ukaondoka na maji, na nyumba yake ina alama ya tope hadi usawa wa dirisha. Wanasema mto sasa hautabiriki. Wanalitazama bwawa la Nyerere kule juu na kuuliza maswali yasiyo na wa kuyajibu. Kuku wake walikuwa wachache. Nilikula.

Somo yangu nilimkuta anapeta mchele. Ni mzee wa miaka themanini na kitu, mwembamba, sikio moja limepungua, na sauti yake bado ni ile ya kuamrisha. Sikuanza kwa siasa. Niliinama nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika kidevu akanigeuza uso huku na huku, kama alivyofanya siku aliyonitoa nje. "Umenenepa," alisema. "Vizuri."

Tulizungumza hadi alasiri. Mengi yalikuwa ya watu waliokufa. Kisha nikamuuliza ile talaka. Nilipokuwa Temeke, karibu mwaka mmoja baada ya kukimbia, ilinifikia barua ya talaka, na maisha yangu yote niliamini kwamba yule bwana alichoka kunisubiri. Niliamini pia kwamba nilitoroka kwa akili yangu, na kwamba wanawake wa kijiji hiki, wote, walishanitoa.

"Talaka gani?" somo alisema. "Ile ilikuwa khului. Mahari ilirudishwa."

Nani aliirudisha? Baba yangu hakuwa na kitu, na hata angekuwa nacho asingetoa.

Alipeta ungo mara mbili, akaondoa makapi. "Niliuza mpunga wangu wa mwaka ule. Mama yako akaongeza bangili. Wengine walitoa walichonacho. Shehe hakutaka, tukamwendea mara ya pili." Na yule nahodha wa jahazi la mpunga aliyenichukua usiku bila kuniuliza nauli? Alikuwa mtoto wa dada yake. "Ulidhani mtu na akili zake atampakia mke wa mtu hivihivi?"

Sikuweza kusema kitu. Mama yangu amekufa akiwa hajanieleza, na mimi nilimzika nikageuza siku ileile. Zile bangili nazikumbuka, mbili, za fedha. Nilidhani aliziuza kwa njaa.

Baadaye nikamuuliza kuhusu Bibi Titi. Alijua habari zake kuliko nilivyotarajia, na alijua kile nilichokuwa nakitafuta vitabuni: kwamba aliozwa akiwa na miaka 14, akaachika.

"Mlijua wakati ule?"

"Tulijua. Mwanamke akisimama mbele ya watu lazima watu waulize katoka wapi. Ndiyo maana tulimsikiliza. Angekuja mke wa mtu mkubwa na viatu vyake, tungempikia wali akaenda zake."

"Sasa mwaka 1965 mbona mlimwangusha?"

"Kumsikiliza mtu na kumpa kazi ni mambo mawili."

"Na wewe, somo, ulimpa nani?"

Akanitazama kwa ukali. "Kura ni siri. Walituambia ni siri, nami niliapa." Hakuna nilichofanya kilichomtoa hapo, na nilimheshimu kwa hilo. Kisha akaniuliza wanangu ni wangapi, na kama wanajua habari za mtoto wa kwenye dungu. Nikasema hawajui. Hakuniambia niwaambie. Aliniuliza tu nikifa nani atamwombea dua yule mtoto, kwa kuwa yeye somo hatakuwepo, na mama mdogo naye anazeeka.

Kesho yake alinikusanyia wanawake. Walikuja na mikeka yao, wengine wakaja na wajukuu, wakakaa chini ya mwembe karibu na msikiti, kumi na kitu. Niliwasha kinasa sauti cha simu nikaeleza: nimekuja kuandika habari za uchaguzi wa 1965 na za Bibi Titi, kila mmoja aseme anachokumbuka. Kimya. Mwanamke mmoja akasafisha koo, asiseme kitu. Wasichana wa sekondari waliokuwa nyuma walikuwa wananitazama viatu.

"Wewe ndiye mgeni," somo alisema. "Anza wewe. Waambie umetoka wapi."

Nilianza na jina la baba yangu. Nikasema mwaka niliochezwa, nikasema mwaka nilioozwa na nilikuwa na umri gani, nikamtaja yule bwana kwa jina lake, marehemu sasa. Nikasema nilizaa mtoto wa kike kwenye dungu na kwamba alikufa, na kwamba niliondoka mwaka uliofuata baada ya mavuno. Nilikuwa nasema kwa sauti ya ripoti, ile ninayoitumia kazini, na ilinisaidia kufika mpaka hapo.

"Kabla ya mavuno," sauti ikanikata. Alikuwa bibi mnene wa kanga ya kijani ambaye sikuwa nimemtambua. "Mpunga ulikuwa bado shambani. Mimi ndiye niliyekufungia muhogo wa njiani, maana mchele haukuwepo."

"Mchele ulikuwepo," alisema mwingine. "Wewe ulikuwa unauficha."

Wakacheka. Wa tatu akaniambia mahali mtoto alipozikwa, chini ya mti gani, na kwamba mti upo, maji ya 2024 hayakufika. Wa nne akasema sivyo, ni upande wa pili wa njia, yeye alikuwepo, alishika taa. Walibishana, wakakubaliana, wakatuma mtoto aende akaangalie. Msichana mmoja wa nyuma aliuliza mtoto aliitwa nani. Nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lile mbele ya watu tangu 1988.

Bibi wa kanga ya kijani akaburuta mkeka wake karibu na simu, akaiangalia kama inafanya kazi, akaniambia niandike jina lake lote na la baba yake. "Mimi siapi siri ya mtu," alisema, bila kumtazama somo. "Mwaka ule nilitembea kutoka shambani na mtoto mgongoni, nikampa Bibi Titi."

"Muongo wewe," akadakia mwenzake. "Tulikwenda pamoja."